Ajali ya Chini ya Mteremko

Dereva wa gari la mkate alikuwa mahabusu tangu Jumatatu mchana, na tangu Jumatatu mchana alikuwa akimweleza kila askari aliyepita mbele ya nondo jambo lile lile: hakumgonga yule mzee, kwa sababu wakati mzee anagongwa yeye alikuwa amekwama juu. Kila askari alimjibu kwamba sawa, atamweleza hakimu, kisha akaenda zake.

Jumatano alasiri alimweleza Afande Futi.

Kituo kizima kilimwita hivyo, mkuu wa kituo akiwemo, kwa sababu ya futi ya chuma aliyotembea nayo mkobani kama wenzake wanavyotembea na kitana. Alikuwa inspekta wa kitengo cha ajali, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa wake: hakukubali kuambiwa kitu kikubwa au kidogo mpaka aambiwe ni kikubwa kiasi gani.

"Ulikwama juu wapi?" alimuuliza.

"Juu ya Mteremko, afande. Lori la mchanga lilimwaga mzigo wote mbele yangu. Tukasimama pale karibu nusu saa. Huyo mzee anagongwa huku chini, mimi niko kule nimezima injini, nakula mkate wa watu."

"Wa watu?"

"Mmoja tu, afande. Huo nakiri."

"Na bampa lako limebonyea kwa nini?"

"Nguzo ya geti pale kiwandani. Miezi miwili sasa. Muulize meneja, alinitukana mbele ya wafanyakazi wote."

Afande Futi alirudi mezani akafungua jalada. Ndani mlikuwa na maelezo ya majirani watatu, na wote watatu walisema mzee amegongwa na gari jeupe lililoshuka Mteremko likija kasi, likapita bila kusimama. Watatu hao, alipowasoma kwa makini, walikuwa wamesikia kishindo wakiwa ndani, wakatoka. Gari hawakuliona. Waliambiwa na majeruhi mwenyewe, nao wakaliona baada ya kuambiwa. Gari la mkate lilikuwa jeupe, lilipita mtaa ule kila asubuhi, na lilikuwa na kibonyeo mbele. Basi likakamatwa.

Chini ya karatasi hizo kulikuwa na fomu ya daktari. *Mfupa wa muundi wa kushoto umevunjika. Mchubuko sentimita arobaini na tatu kutoka kisiginoni.*

Alichukua futi yake akatoka uani, akapiga goti mbele ya gari la mkate. Ukingo wa chini wa bampa ulikuwa sentimita sitini na nane kutoka ardhini.

"Labda liliinama kumsalimia," alimwambia askari wa zamu.

"Afande?"

"Usijali. Kesi yake ni lini?"

"Kesho saa nne. Mkuu ameshatia saini."

Mteremko ilikuwa njia ya kushukia kutoka barabara ya juu. Ilikuwa na jina lake rasmi, la herufi na namba, lakini wakazi waliiita Mteremko tangu siku ilipofunguliwa, miezi minane iliyopita. Kabla ya hapo mtaa ule ulikuwa wa nyumba za bustani ndogo na malango ya mabati, ambapo watu walijua gari la nani limepita kwa kusikia mngurumo tu. Sasa Mteremko ulitua mita thelathini kutoka mdomoni mwa mtaa.

Afande Futi alimkuta mhandisi wa barabara ofisini kwake saa kumi na nusu, akiwa tayari ameshika mkoba wa kuondokea. Aliuweka chini alipoona kitambulisho.

"Mchoro wa kwanza ulishusha magari huku," alisema, akaweka kidole kwenye ramani iliyobandikwa ukutani. "Kwenye maghala ya zamani. Kule hakuna anayelala ila paka. Halafu wakasema hapa pana uwanja wa wazi, kazi itakuwa nyepesi. Kwenye karatasi ni kuusogeza mita mia nne tu. Nani atapigana kwa ajili ya mita mia nne?"

"Na magari yakishuka yanapaswa kwenda wapi?"

"Moja kwa moja. Taa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo uingie mjini. Lakini ukikata kushoto kwenye mtaa ule wa nyumba, unaziruka taa zote tatu. Dereva gani ataiacha hiyo?"

"Wewe je?"

Mhandisi alitazama viatu vyake. "Mimi hupita hapo kila siku, afande. Nisikudanganye."

Alimpenda kwa jibu hilo. Akamwomba daftari la matukio ya Jumatatu, na mhandisi akalileta mwenyewe kutoka chumba cha pili. Mwandiko ulikuwa wa msimamizi wa zamu: lori la mchanga limemwaga mzigo, Mteremko umefungwa saa moja na dakika nne asubuhi. Umefunguliwa saa moja na dakika thelathini na tatu.

"Katikati hapa, hakuna gari lililopita?"

"Labda liwe na mabawa."

Afande Futi alinakili ukurasa, akamwomba agonge muhuri. Mhandisi aligonga, lakini hakumpa karatasi papo hapo.

"Wale wakazi wana haki," alisema. "Nina rundo la barua zao. Kila nikizipeleka juu, mkubwa wangu ananiambia ni maneno ya watu. Uniletee karatasi moja tu yenye muhuri wa polisi na tarakimu za kweli. Ile kona nitaiziba kwa majaribio ndani ya wiki. Mamlaka hayo ninayo. Kisingizio ndicho sina."

Alhamisi saa moja kamili asubuhi Afande Futi alikuwa amesimama kwenye kona ya mtaa, daftari mkononi, akipiga mstari kwa kila gari. Yalikuja mfululizo, pua kwa mkia: magari madogo, vigari vya mizigo, basi la shule lililobeba walimu, pikipiki zikipenya katikati. Kuta za nyumba zilikuwa na vumbi mpaka usawa wa kiuno. Ilipofika saa mbili alihesabu mistari. Magari mia tisa na kumi na manne. Upande wa pili wa ukurasa aliandika watu waliovuka kwa miguu katika saa hiyo: wanne, wote mbio.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amemwona toka mbali. Alikuja na faili kifuani, bwana mnene mwenye haraka.

"Afande, hatimaye," alisema. "Miezi minane tunaandika barua hawasikii. Sasa tuna damu. Damu watasikia."

"Mzee anaendeleaje?"

"Amepewa ruhusa jana, yuko kwake. Lango la bluu. Unajua mkewe ndiye mkunga wetu? Nusu ya mtaa huu imepokelewa na mikono yake. Mimi mwenyewe. Anasema nilitoka nikilalamika."

"Na kama aliyemgonga hakutoka Mteremko?"

Mwenyekiti alicheka. "Atoke wapi, mwezini?"

Lango la bluu lilikuwa wazi nusu. Afande Futi alibisha hodi, na kabla sauti ya ndani haijamkaribisha macho yake yalikuwa yameshatua kwenye gari lililoegeshwa uani. Lilikuwa gari dogo la zamani, rangi ya krimu. Vumbi lilikuwa limelifunika lote, paa, milango na nyuma, isipokuwa mbele. Mbele lilikuwa limepanguswa likang'aa. Alitoa futi, akainama. Sentimita arobaini na tatu.

Akachungulia dirishani. Kiti cha dereva kilikuwa kimevutwa mbele kabisa, karibu kigusane na usukani, na juu yake paliwekwa mto wa sebuleni wenye maua ya kufumwa.

"Karibu, mama, karibu," alisema bibi mmoja mfupi aliyekuja akifuta mikono kwenye kanga. "Usisimame juani."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

Sebuleni mzee alikuwa amelazwa kwenye kochi, mguu wa plasta juu ya stuli. Alikuwa mrefu mno. Kochi lilikuwa limemshinda, na mguu mzima ulining'inia nje. Ukuta wote nyuma yake ulikuwa wa saa, ndogo na kubwa, na zote zilionyesha wakati mmoja. Alikuwa fundi saa, mstaafu kwa jina tu, kwani juu ya kifua chake palikuwa na saa ya mkono iliyofunguliwa na bisibisi nyembamba kama sindano.

Afande Futi alikaa, akapokea kikombe. Alimpa pole. Akamuuliza juu ya dawa, usingizi na mguu, na mzee akajibu yote kwa ufasaha. Kisha akafungua daftari.

"Ulikuwa umesimama wapi, mzee?"

"Nje ya lango. Natazama barabara."

"Ukitazama nini?"

"Barabara tu. Mtu haruhusiwi?"

"Anaruhusiwa. Gari lilitoka upande gani?"

"Mteremkoni. Jeupe. Kasi."

"Uligongwa saa ngapi?"

"Saa moja na dakika kumi na mbili."

Afande Futi aliweka kalamu chini. Yule dereva alikuwa binadamu mwenye watoto, na saa nne ilikuwa inakaribia. Hata hivyo alitaka kumwachia mzee mlango wa kutokea.

"Au tuseme karibu na hapo," alisema polepole. "Labda ilikuwa kabla ya saa moja. Labda saa moja na nusu imepita. Mtu akigongwa huchanganya, si aibu."

Mzee aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Mwanangu, nimetengeneza saa miaka arobaini na sita. Watu walikuwa wakiacha redio wanakuja kuniuliza mimi. Mimi sina 'karibu na hapo'. Nilikuwa nimeitazama saa yangu nukta ile ile. Saa moja na dakika kumi na mbili."

Mlangoni pa jikoni, mkunga alifumba macho.

Afande Futi alitoa ukurasa wenye muhuri, akauweka juu ya blanketi. Mzee akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akasoma. Akasoma tena.

"Saa yao inakwenda mbele," alisema.

"Nimeilinganisha na ya redio."

"Basi inawezekana..." Alitazama ukuta wake wote wa saa kama mtu anayeomba msaada kwa ndugu. "Inawezekana hiyo dakika kumi na mbili..."

Alikuwa ameweza kusema uongo juu ya gari, rangi yake na mwendo wake, lakini juu ya saa ulimi wake ulikataa katakata.

"Acha, mume wangu," alisema mkunga. "Acha kujitesa. Ni mimi, mwanangu. Nilimgonga mimi."

"Usimsikilize!" mzee alifoka. "Ana homa!"

"Homa sina. Jana nilivaa nguo nzuri nije kituoni, huyu akaning'ang'ania mguu, yeye na plasta yake. Ningemburuta?" Akaja akaketi kwenye ukingo wa kochi, na bila kutazama alimrudishia mumewe blanketi lililoteleza. "Akasema wewe ni mkunga, huwezi kulala mahabusu, watu watakuja kujifungulia wapi? Nikamwambia nimestaafu. Akasema tumbo halijui kustaafu."

"Nieleze tangu mwanzo, mama."

Mkunga alinyoosha kidole kupitia dirishani. Ng'ambo ya barabara, sawia na lango lao, palikuwa na nyumba ya matofali mekundu.

"Pale anakaa dada yangu. Miguu yake imekataa mwaka wa tatu huu. Mjukuu wake humwachia chai anapokwenda kazini, lakini kumwosha, kumpaka mafuta, kumchana nywele, ni mimi. Kila asubuhi. Zamani nilikuwa navuka na sufuria mkononi, na mchuzi haumwagiki. Walipoufungua ule Mteremko, siku ya kwanza nilisimama langoni dakika arobaini. Huyu amezipima. Nikajaribu kukimbia, nikaangusha kila kitu. Nina miaka sabini na mmoja, nikimbie niende wapi?"

"Ndipo ukaamua kujifunza gari."

"Kwa mguu huvuki, lakini kwa gari unaingia kwenye foleni kama wenzako. Unatoka kushoto, unakwenda nao hadi mzunguko ule wa mwisho, unageuka, unarudi na upande wa pili mpaka mlangoni kwa dada. Dakika ishirini na tano. Huyu amekuwa akinifundisha hapa uani, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Yeye husimama nje kunisimamishia magari, mimi natoka."

"Leseni?"

"Leseni ya nini? Naenda kwa dada yangu."

Mzee alikohoa kuficha kicheko, akaumia mguu.

"Jumatatu akanipigia kelele, 'Toka, toka sasa, hakuna gari!'" mkunga aliendelea. "Nikatazama. Mtaa mtupu. Kimya. Nikasikia ndege wakilia, wallahi. Miezi minane sijaona kitu kile. Nikafurahi mno, nikakanyaga mafuta nikidhani ni breki. Alipoanguka, nikalirudisha gari nyuma mpaka uani kabla mtu hajatoka."

Afande Futi alielewa sasa kwa nini hakuna jirani aliyeona gari, na kwa nini mzee alikuwa ametazama saa yake nukta ile: hata yeye alishangaa barabara imekuwaje.

"Yule kijana wa mkate," mkunga alisema. "Hatukujua kama wamekamata mtu. Mwenyekiti ametuambia jana jioni. Sijalala. Nilikuwa namngoja huyu asinzie nije kwako, naye kwa makusudi hakusinzia."

Afande Futi alitoa simu. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano.

"Mkuu? Lile jalada la mkate usilipeleke mahakamani. Ndiyo, nimempata. Hapana, si dereva wa Mteremko, Mteremko ulikuwa umefungwa, karatasi ninayo. Mtoe sasa hivi, mkuu. Na umwombe radhi wewe mwenyewe, usimtume mtu."

Alisikiliza kidogo, akakata. Mkunga alikuwa amekwishasimama na kuanza kukaza kanga yake.

"Haya. Utanifunga pingu?"

"Sina pingu, mama. Nina futi tu." Akafunga daftari. "Utaandika maelezo, na mzee ataandika ya kwake juu ya uongo alioutoa. Mtaitwa mahakamani, sitakuficha. Gari halitoki tena hapa uani. Na yule dereva mtamtafuta, mumwangalie usoni."

"Nitamtafuta leo leo," alisema mzee. "Hata kwa kutambaa."

Langoni mwenyekiti alikuwa anangoja, faili kifuani. Aliposikia, uso ulimshuka. Akamvuta Afande Futi pembeni.

"Afande, umetuua. Hii ndiyo ilikuwa kesi yetu."

"Kesi yenu ingekufa siku wakifungua daftari la mhandisi. Wangesema, hawa wametunga moja, wametunga yote." Alimwonyesha ukurasa wa mistari. "Hii hapa ndiyo kesi yenu. Mia tisa na kumi na manne kwa saa moja, na bibi wa miaka sabini na mmoja amelazimika kujifunza gari ili avuke barabara ya mita tisa. Mhandisi anaisubiri. Amesema ndani ya wiki ataiziba kona."

Mwenyekiti alitazama ile mistari. "Una nakala?"

Mkunga alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara. Hakuwa anatazama magari. Alikuwa anatazama dirisha la nyumba ya matofali mekundu.

"Mwanangu," alisema, "kabla ya kituoni nina ombi moja. Siku ya nne leo sijamwona."

Afande Futi alitazama saa yake, akatazama foleni. Kisha akaweka mkoba begani, akaingia barabarani, akainua mkono. Breki zililia mpaka kule Mteremkoni. Mtu mmoja alipiga honi, akatoa kichwa nje, akaona sare, akakirudisha. Mkunga alivuka polepole, kichwa juu, kama mtu anayepita sebuleni kwake.

Chumba cha dada kilikuwa safi, kitanda kikiwa karibu na dirisha. Bibi aliyekuwa kitandani alikuwa nakala ya mkunga, ila mkubwa na mkali zaidi. Nusu ya nywele zake zilikuwa zimesukwa; nusu nyingine zilisimama wima kama zilivyoachwa Jumapili.

"Umekufa?" alimuuliza mdogo wake.

"Bado, dada."

"Nimekaa na kichwa cha namna hii siku nne. Jana daktari amekuja akaniona." Akamgeukia Afande Futi. "Na huyu ni nani?"

"Polisi, dada. Amekuja kunikamata. Nimemgonga mume wangu na gari."

Dada alilifikiria jambo hilo. "Amepona?"

"Amevunjika mguu."

"Mbona ana mwingine. Kaa hapa, upande huu haujaisha."

Mkunga alipanda kitandani nyuma ya dada yake, akachukua kitana, akaanza kupasua mstari kwa ncha ya kidole kimoja. Afande Futi alivuta kiti, akaweka jalada mapajani, akaandika tarehe. Chini yake akaandika: *Chanzo cha ajali.* Alitua kidogo, kisha akaendelea kwa mwandiko wa wazi ambao hata mkubwa wa mhandisi angeusoma: kwamba njia ya kushukia imewekwa mahali inapoelekeza magari ya mji mzima kwenye mtaa wa makazi, kwamba dereva asiye na leseni alikuwa akijaribu kufika upande wa pili.

"Wewe polisi," alisema dada.

"Naam, mama."

"Utaandika mpaka jioni? Weka hizo karatasi chini, unishikie kioo."

Afande Futi alifunga jalada, akachukua kioo.

"Inua kidogo," alisema dada. "Hapo. Usitikisike."

Akakishika.